Usije Kwanza

Ujiji, 12 Aprili 2020

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unakula na unalala. Sisi hatujambo. Hidaya yuko nyumbani tangu shule zilipofungwa, ananimaliza kwa maswali. Jana kaniuliza kama korona inaweza kupanda boti ikamfuata bibi. Nikamwambia haiwezi, haina nauli. Abdul ameota meno mengine mawili na anayajaribu kwangu kila akinyonya. Baba Hidaya bado yuko kwenye lori, anapeleka unga na maharage kambini Nyarugusu. Anasema korona au si korona, wakimbizi lazima wale. Akirudi namwogesha uani kwa maji ya moto kabla hajashika mtoto, anapiga kelele majirani wanacheka.

Mimi nipo tu. Asubuhi Kibirizi kuanika dagaa, mchana kuwageuza, jioni kufua. Usiku Abdul haniachi nilale, kwa hiyo nikikosea maneno humu nisamehe.

Naandika barua kwa sababu simu yako imegeuka mwanamke wa Kirundi. Nikipiga ananijibu yeye, kwa adabu kabisa, na salio langu linakwenda Bujumbura. Siku nyingine hajibu hata yeye. Najua mtandao wa huko mpakani ulivyo, lakini na wewe nakujua, Mama. Hiyo simu umeizima.

Ulisema unakwenda Kagunga kumuaga Mjomba Ramadhani, wiki moja tu, kisha urudi tujiandae na safari ya Dar. Mwezi wa tatu umekwisha, huu nao unakwenda. Alhamisi hii ndiyo tarehe yako ya kuanza mionzi. Titi walilitoa, sindano ulizimaliza, hata nywele zimeanza kurudi. Imebaki mionzi. Daktari alisema tukiwa sote wawili pale, wala hukuwa umesinzia: bila mionzi uvimbe unaweza kurudi, na ukirudi haurudi kwa upole.

Barua hii nampa Anatoli mkononi. Boti yake inarudi Kibirizi kila wiki. Panda. Alhamisi tutaikosa, lakini tutaomba tarehe nyingine. Baba Hidaya ameomba ruhusa akusindikize mpaka Dar.

Nakungoja. Sikubembelezi, nakungoja.

Mwanao,
Yusra


Kagunga, 2 Mei 2020

Mwanangu Yusra,

Waalaykum salaam, marahaba. Ramadhani njema. Mimi nafunga siku nikiweza, siku nisipoweza namwachia Mungu anifungie. Mjomba wako hajambo, mgongo tu unamsumbua, kutwa yuko kwenye michikichi yake kama vile wenye michikichi ni wao na yeye ni mtumishi. Hidaya mwambie bibi yake amecheka. Abdul akiuma, mfinye pua kidogo ataachia. Wewe ulikuwa unauma kuliko yeye.

Simu nimeizima, ndiyo. Sitaki ugomvi wa simu. Kwenye simu unalia, nami ukilia naahidi vitu.

Sasa sikiliza. Mwaka ule wa wakimbizi wewe ulikuwa Ujiji na mimba ya Hidaya. Mimi nilikuwa hapa hapa Kagunga, nilikuja kwenye arobaini ya baba yangu nikakwama. Wewe uliwaona wakishuka bandarini Kigoma wameshapungua. Mimi niliwaona ufukoni, watu mpaka maji yanapoanzia, ukitaka kutema mate huoni pa kutemea. Wanakuja wanasema amahoro, amahoro, amani kwa Kirundi chao, wamebeba magodoro na kuku. Kisha kikaingia kipindupindu. Mimi na Regina, jirani wa hapa, tulichemsha maji mpaka kuni zikaisha. Tuliokuwa tunawapa chai asubuhi, jioni hawapo. Nani walipona? Waliopanda mlimani wakakaa peke yao. Na mimi nilipanda. Ndiyo maana unaye mama wa kumgombeza leo.

Halafu wewe unataka nikakae kwenye benchi la hospitali, bega kwa bega na watu wa mikoa yote, mimi ambaye zile sindano zimeniacha mwili hauna hata mlinzi mmoja mlangoni. Kabla sijazima simu alinipigia Esther, yule wa kitanda cha jirani wodini. Naye amekimbilia kwao Uvinza. Tumekimbia wengi, Yusra, kila mtu na ugonjwa wake kwapani kama kuku. Esther alisema, "Dada Zuleha, mimi hii yangu nimeshaizoea. Ninayoiogopa ni ile ya kufa bila kushikwa mkono." Nami nikamwambia na mimi vilevile. Hii ya titi inakuja polepole, inakuachia muda wa kusali na kugawa kanga zako. Ile nyingine tunasikia wanakuzika watu waliojifunika usiowajua hata majina.

Nikae kwanza. Ikipita nitakuja.

Nakutumia mawese chupa mbili. Moja ya mkwe wangu, mwambie asimpe dereva mwenzake.

Mama yako,
Zuleha


Ujiji, 14 Mei 2020

Mama,

Shikamoo. Mawese yamefika, chupa moja na nusu, Anatoli anasema boti iliyumba. Mungu anamwona.

Nimesoma habari za mlimani. Sikatai, ulipona. Lakini kipindupindu ulikiacha chini ukapanda wewe. Saratani umepanda nayo. Huko uliko mko wawili.

Nimepiga simu hospitali. Nimeongea na yule muuguzi mnene aliyekuwa anakuita bibi harusi. Anasema mashine inafanya kazi, wagonjwa wanaitwa mmoja mmoja, viti vimetenganishwa, na wengi hawaji. Alinitajia wa Kigoma tu, wote hawajarudi. Kasema, "Mwambie mama yako kuwa wanaogopa kitu ambacho huenda kisiwapate, na kinachowapata hawakiogopi."

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, Mama, sijui habari za ndani ya mwili. Ninachojua nakiona Kibirizi: dagaa wakianikwa wabichi leo mvua ikaja, kesho ukawageuza vizuri namna gani, harufu ni ileile. Kuna vitu vina siku yake.

Abdul anamwita bibi kila mwanamke mwenye ushungi. Juzi amemkumbatia mguu mteja wangu, mama mmoja hata simjui, akagoma kumwachia. Yule mama alicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya chanja za dagaa nikakaa chini kidogo.

Sitakuja kukuchukua kwa nguvu. Ila sitaacha kuandika. Utachoka wewe kabla yangu, na unajua mimi nimechoka tangu nilipozaa.

Yusra


Kagunga, 20 Mei 2020

Mwanangu,

Marahaba. Umenishinda. Ungekuwa mwanamume ungekuwa hakimu.

Tunakula Idi hapa, kisha Jumatano baada ya Idi nakuja na Anatoli. Mzigo nimeshafunga: kanga, vyeti vya hospitali, na kuku wa Hidaya. Mjomba ananuna, anasema nakwenda kujitia mdomoni mwa mamba. Nimemwambia mamba wa Yusra ni mbaya zaidi.

Nitalala kwako siku mbili nipumzike, kisha mkwe wangu anipeleke. Nitandikie chumba cha nyuma, kile chenye upepo. Na Abdul usimwambie, nataka nione kama ananijua mimi au anajua ushungi tu.

Naogopa, lakini nakuja.

Mama


Ujiji, 25 Mei 2020

Mama,

Shikamoo, na Idi mubarak.

Anatoli anaondoka jioni hii, nimemwapisha akupe barua hii kabla ya mizigo ya mtu mwingine yeyote.

Usije kwanza.

Kuna kazi kidogo nyumbani, tunabadilisha mabati, chumba cha nyuma kiko wazi. Vumbi tupu. Ngoja wiki chache nitakuandikia. Mimi na watoto hatujambo.

Mama, tafadhali. Usije kwanza.

Yusra


Kagunga, 4 Juni 2020

Yusra mwanangu,

Barua yako ilinikuta nimeshavaa viatu. Anatoli aliniletea mpaka mlangoni, nikasomea pale pale nimesimama, kuku wa Hidaya yuko kwapani.

Umesema mabati. Mabati yale aliyaezeka marehemu baba yako, na mtu mwenye akili zake haanzi paa siku ya Idi. Wewe uliyetaka kuniburuta kama gunia, leo unasema usije. Na barua haina salamu za mkwe wangu, ambaye hata akiwa amelala Kasulu huwa unanisalimia kwa niaba yake.

Sikuulizi kitu. Ila fanya haya. Watoto wapeleke kwa jirani, hata wakilia. Madirisha yawe wazi mchana na usiku. Asilale chali, mwekee mito akae. Uji mwembamba kila mara hata akikataa. Na wewe ukimnyonyesha Abdul funga kitambaa puani, na unawe mpaka viwiko.

Ningekuja. Ningekuja hata kwa kuogelea. Lakini nikija utakuwa na wagonjwa wawili na mikono yako ni ileile miwili.

Nakutumia tangawizi na ndimu. Anatoli nimemwambia nimezihesabu, ingawa sikuzihesabu.

Kuku wa Hidaya nimemfungulia, anatembea. Atangoja.

Mama yako


Ujiji, 12 Julai 2020

Mama yangu,

Shikamoo. Sasa naweza kuandika.

Alianza kukohoa siku mbili kabla ya Idi. Alisema ni vumbi la barabara ya Kasulu. Siku ya Idi hakuweza kuvaa kanzu yake, alikaa kitandani anahema kama mtu aliyekimbizwa. Majirani wakasema malaria, wengine wakasema nimonia, lile jina lenyewe hakuna aliyelitaja, na mimi sikulitaja. Walikuwa wanapita upande wa pili wa njia. Nilimkalisha kwa mito kama ulivyosema. Kuna usiku nilidhani ndiyo basi, nikaanza kumsomea Kurani. Akafungua macho akasema, "Yusra, punguza sauti, bado nipo."

Amepona. Anatembea mpaka mlangoni, anapumzika, anarudi. Lori amepewa mtu mwingine. Watoto hawakuguswa, alhamdulillahi. Mimi sikusikia harufu wiki kadhaa, nikawa naanika dagaa kama naanika majani makavu.

Samahani kwa mabati. Sikujua niandike nini. Miezi miwili nilikuambia njoo, njoo, hakuna cha kuogopa, na siku uliyokubali kilikuwa kimelala kitandani kwangu.

Sasa shule zimefunguliwa, watu wanashikana mikono, wanasema imekwisha. Mimi sijui kama imekwisha. Najua njia iko wazi. Nimepiga tena simu hospitali: muuguzi anasema uje tu, usingoje tarehe. Baba Hidaya hawezi kukusindikiza, nitakusindikiza mimi, na Abdul mgongoni.

Panda boti, Mama. Chumba cha nyuma nimekipaka chokaa, kwa kweli safari hii.

Yusra


Kagunga, 2 Agosti 2020

Mwanangu,

Marahaba, na Idi njema ya kuchinja. Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe wangu mpaka magoti yameuma. Mpe pole. Mwambie asione haya kupumzika mlangoni, mlango nao ni mahali.

Mimi nipo. Nashona barakoa za vitenge, nimewagawia watu wote wa hapa, mjomba wako ana ya maua anaonekana kama dirisha. Yangu siivui. Watu wakija kunitazama wanakaa kwenye gogo upande ule wa uwanja, mimi nakaa barazani, tunapigiana kelele kama wavuvi. Wanasema, "Bi Zuleha, mbona kwetu imekwisha?" Nawajibu, kwenu imekwisha, kwangu bado. Asubuhi na jioni najifukiza, mivumbasha, mwarobaini, mchaichai, nyumba nzima inanuka majani. Regina anasema nitaiva.

Kuhusu safari, tungoje kidogo. Hiyo korona haijaisha, imejificha tu. Na wewe usije. Hasa usije na watoto. Usije kwanza.

Mwezi umekuwa mkubwa, wavuvi wamepumzika, kijiji kimejaa kelele za wanaume wasio na kazi.

Salamu kwa wote.

Mama


Ujiji, 18 Agosti 2020

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kurasa nzima za vitenge na magogo, na kovu lako hujalitaja hata kwa neno moja. Tangu mwezi wa nne hujalitaja.

Jana nilimkuta Anatoli Kibirizi anateremsha magunia. Nikamwambia, "Anatoli, mama yangu anaendeleaje?"

"Mzima. Ananitukana, kwa hiyo mzima."

"Anatukana kutoka karibu au kutoka mbali?"

Akashusha gunia. "Wewe nawe. Kutoka mbali. Barua anaiweka juu ya jiwe, anarudi barazani, ndipo mimi naichukua. Nikamtania siku moja, nikamwambia, Bi Zuleha, korona yenyewe imekuogopa, nikamsogelea nimpe mkono."

"Ikawaje?"

"Alinifukuza kwa mwiko." Akatazama ziwa. "Yusra, mimi nabeba samaki tangu nikiwa mtoto. Majani yale hayafukizi korona. Usinilazimishe kusema zaidi, yule ni mama yangu pia."

Sikumlazimisha.

Mama, sikuulizi kwa ukali. Nimeosha matapishi ya mume wangu, nimeosha watoto, nimekuosha wewe hospitalini ile wiki ya kwanza baada ya kukatwa, ulipokuwa unalia kwa sababu ya haya na mimi nakuambia geuka. Hakuna kitu mwilini mwako kinachoweza kunifukuza. Niandikie. Usiponiandikia ninapanda boti bila jibu.

Yusra


Kagunga, 10 Septemba 2020

Yusra, mwanangu wa pekee,

Marahaba.

Nimeanza barua hii mara tatu. Mbili nimewashia moto.

Limerudi. Lilirudi pembeni ya kovu, kama punje ya mahindi, kisha kama yai la njiwa, sasa limepasuka. Ni kidonda. Kinatoa maji, na kina harufu. Hiyo ndiyo sababu ya gogo na ya majani. Naosha kwa maji ya chumvi, nafunga kitambaa safi, saa moja tu imerudi. Mjomba wako anajua, anajifanya hajui, anakula nami sahani moja na haniambii kitu. Sijawahi kumpenda kama sasa.

Nitakuambia jambo la ajabu. Hii korona mimi imenisitiri. Kabla yake mgonjwa ni mali ya watu wote. Wanakuja, wanakaa kitandani, wanataka uwaonyeshe, wanakuombea huku macho yao yako kifuani kwako. Ilipokuja hii, nikasema jamani kaeni mbali, na hakuna aliyeudhika. Hakuna aliyejiuliza. Wote walisema Bi Zuleha ni mwangalifu. Waliposema imekwisha, nilihuzunika, Mungu anisamehe. Nani tena angekaa kwenye gogo bila kuuliza kwa nini?

Mganga wa zahanati alipanda kuniona. Kijana mpole. Alitazama, akafunika, akaniuliza kama naweza kulala usiku. Akiuliza hivyo ujue. Alisema hata nikienda Dar leo, watanisaidia maumivu na harufu, lakini kuking'oa hawataking'oa tena. Nilimshukuru. Mtu akikuambia kweli huku amekutazama usoni, mshukuru.

Sasa hili lisome mara mbili. Ile punje niliikuta mwezi wa tatu, siku nilipokuwa naoga nijiandae kuja Kagunga. Kabla ya korona kufika kwetu, kabla ya Idi, kabla ya mabati yako. Ndiyo niliyoikimbia, si korona. Kwa hiyo usihesabu zile wiki za mkwe wangu kitandani. Najua unazihesabu, nakujua ukifua unavyohesabu mambo. Acha. Ilikuwa imeshafika.

Mwambie Hidaya kuku wake ametaga.

Mama yako


Ujiji, 20 Septemba 2020

Mama yangu,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Baba Hidaya amefika sokoni na kurudi bila kukaa njiani.

Nimeisoma mara mbili kama ulivyosema. Mara ya tatu nimeisoma kwa kuwa sikuweza kulala.

Unasema punje ilikuwapo tangu mwezi wa tatu. Lakini Mei ulifunga mzigo, ukavaa viatu, ukaniambia naogopa lakini nakuja. Mtu aliyekimbia kitu havai viatu kukirudia. Labda ni kweli. Labda umeisema ili mimi nifue bila kuhesabu. Sitakuuliza. Nikikuuliza utaapa, na sitaki uape.

Sitasema tena habari za mionzi. Nilikuwa na maneno mengi juu yake, nimeyamaliza yote kwenye barua zile, na hayakufika kwa wakati. Yangu yalichelewa, na yako yalichelewa.

Nakuja Jumamosi. Hidaya anabaki na baba yake, Abdul nakuja naye, bado ananyonya. Nimekwenda hospitali ya hapa mjini nikamweleza daktari yote, amenipa dawa ya kuosha kidonda, na ya kuondoa harufu, ya unga, inanyunyizwa, na vidonge vya maumivu vya usiku, na karatasi ya kupata vingine zaidi. Nimechukua pamba na mashuka ya zamani yaliyolainika. Nitalala chumbani kwako, si kwa mjomba. Usibishane na mimi barazani mbele ya watu, kwa kuwa nitaingia tu.

Kuna neno moja lazima uniambie kwa mdomo wako, nami sitalitoa kwako kwa barua. Unataka kulala wapi? Kagunga kwa baba yako, au huku Ujiji ubavuni kwa baba yangu? Watu wazima wa kwetu hili huwa wanaliacha mpaka mtu hawezi tena kujibu, kisha wanagombana juu yake. Mimi sitaki kugombana na mjomba juu yako. Nataka kusikia wewe.

Ukisema Kagunga, nitakaa na wewe mpaka mwisho, dagaa wataanikwa na mwingine.

Ukisema Ujiji, basi tusingoje. Nimeshaona wanavyowasafirisha wengine kwenye boti zile, wamefungwa kwenye mkeka kati ya magunia ya muhogo, na nahodha amezima redio. Wewe nataka upande ungali umekaa, na Abdul mapajani, unamgombeza Anatoli kwamba anakwenda kwa kasi.

Mwanao anayekuja,
Yusra